Mali Bila Daftari: Hesabu za Uluguru Tangu Risiti ya Kodi hadi Kompyuta Tatu za Ofisi Yetu



Katika kurasa nyingine za kijarida hiki mtaona picha za madarasa, matenki ya maji na vitanda vya kujifungulia. Sisi wa kamati ya fedha hatuna picha nzuri ya kuwaonyesha. Tuna chumba kimoja cha kupanga mjini Morogoro, chenye meza tatu, kompyuta tatu na kebo zilizobanwa ukutani. Hata hivyo ndicho chumba kilichozua maswali mengi kuliko miradi yote katika mkutano mkuu uliopita. Mwanachama mmoja alisimama akauliza: "Watoto wetu wanakaa chini kule milimani, nanyi mnanunua kompyuta na programu ya hesabu. Mnatuambia nini?"

Swali ni la haki, na jibu la dakika tano halikulitosha. Tumeamua kulijibu kwa maandishi, na tunaanzia mbali, kwa sababu wasiwasi ule una historia. Watu wa milima hii wamehesabiwa na wenye madaftari kwa zaidi ya miaka 100. Ni mara chache walipewa nafasi ya kulifungua daftari lenyewe wakasoma kilichomo.

Kabla ya karatasi

Wazee wetu hawakuwa na leja, lakini hesabu walikuwa nazo. Ardhi ya Uluguru ni ya koo, na koo zetu hufuata upande wa mama. Mtu aliyekaribishwa kulima kwenye ardhi ya ukoo mwingine alitoa ngoto, zawadi ya kila mwaka kwa mkuu wa ukoo wenye ardhi. Haikuwa mali nyingi. Kazi yake ilikuwa kukiri kwamba shamba lina wenyewe. Karatasi haikuwepo, ushahidi ulikuwa kumbukumbu za wazee na majirani.

Chini ya milima, kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara, palikuwa na mji wa Simbamwene, mahali ilipo Morogoro ya leo. Misafara ilitozwa hongo ya vitambaa ndipo ipite. Vitambaa vilipimwa kwa mikono na kwa doti, na mali yenyewe mara nyingi ilikuwa ya mkopo kutoka kwa matajiri wa Bagamoyo na Zanzibar, ambao waliandika kila kilichotoka na kila kilichorudi. Maneno "hesabu" na "daftari" yote asili yake ni Kiarabu. Yalipanda kutoka pwani pamoja na biashara hiyo.

Huko Ulaya utaratibu wa kuandika kila muamala mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, ulikuwa umeshazoeleka kwa wafanyabiashara wa Venice. Mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli, aliueleza katika kitabu kilichochapwa mwaka 1494. Faida yake ni rahisi kuieleza: kila shilingi lazima ionyeshe imetoka wapi na imekwenda wapi, na pande mbili zisipolingana, mtu anajua pana kosa. Programu zote za hesabu tunazotumia leo, kwa rangi na vitufe vyake vyote, bado zinafanya kazi ileile.

Daftari linakuja na kodi

Kwa watu wengi wa Uluguru daftari la kwanza kuwahusu lilikuwa la kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na fedha taslimu ikawa lazima kwa kila kaya. Fedha ilikuwa rupia, na tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa kuwa Heller 100. Ndiyo asili ya neno letu "hela".

Waingereza waliendeleza kodi hiyo kwa namna yao. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliweka tawala za wenyeji zilizokuwa na hazina zake. Karani aliandika jina la mlipaji, mlipaji akapewa risiti. Risiti ile ililindwa kuliko nguo. Aliyeipoteza alikuwa mashakani, kwa sababu kilichosadikiwa ni karatasi, neno la mtu halikutosha. Lakini daftari kubwa, lile lililoonyesha fedha zote zilizokusanywa na zilivyotumika, mwanakijiji hakuliona.

Kwenye mashamba ya mkonge ya uwandani kulikuwa na karatasi ya namna nyingine, kipande. Mfanyakazi alikaa nacho mwenyewe, na kila siku aliyomaliza kazi yake iliwekwa alama. Alama 30 zikitimia ndipo alilipwa. Hatusemi kipande kilikuwa kitu chema. Nyapara aliweza kukataa kuweka alama, na jasho la siku nzima likapotea. Lakini tunakitaja kwa sababu moja: kumbukumbu ya deni ilikaa mkononi mwa anayedai. Shamba lilikuwa na orodha yake, mfanyakazi alikuwa na yake, na siku ya malipo mbili hizo zilikutana.

Kwamba watu wetu hawapendi jambo la maendeleo lisilofafanuliwa, Serikali ya kikoloni iliona wazi mwaka 1955. Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru ulikuwa umeanza mwaka 1950, ukilazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi lake, ukilitazama leo, lina mantiki: maji ya milima yetu ndiyo yanayoingia Mto Ruvu na kunyweshwa Dar es Salaam. Lakini amri ilitoka juu. Mwezi Julai 1955 watu waliandamana Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukavunjika. Kila kamati inayopeleka kitu kipya milimani, iwe mbegu, bomba au kompyuta, inapaswa kulikumbuka hilo.

Makarani wa kwetu

Katika historia ya uhasibu nchini, Morogoro si mahali pa pembeni. Mwaka 1953 Waingereza walianzisha shule ya serikali za mitaa pale Mzumbe, chini ya milima yetu, kuwafundisha watawala na watumishi wa mamlaka za wenyeji. Mwaka 1972 shule hiyo ikawa sehemu ya Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, wengi wakikijua kwa kifupi cha IDM Mzumbe, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Wahasibu wengi wa halmashauri na mashirika ya nchi hii walijifunzia urari na mizania pale. Mwaka huohuo wa 1972 ndipo ilipopitishwa sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA.

Baada ya Uhuru matumaini makubwa yaliwekwa kwenye vyama vya ushirika. Huko mkulima alikuwa mwanachama, na kwa haki yake angeweza kuuliza. Lakini tume ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuta mambo ambayo sisi wahasibu tunayasoma bila kushangaa: upungufu wa watumishi wenye ujuzi, kukosekana kwa uaminifu, na wanachama wasioelewa chama chao kinavyoendeshwa. Hilo la mwisho lilikuwa baya kuliko yote. Mwanachama asiyeelewa hesabu hawezi kumzuia mwizi, na pia hawezi kumtetea mtu mwaminifu.

Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na mwaka huohuo likaundwa shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO. Yaani waliorudisha ushirika walikubali kwamba chama bila mkaguzi hakisimami.

Kompyuta ya Hazina

Sasa tufike kwenye kompyuta. Wapo wanaodhani ni jambo la juzi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kazi iliyokusudiwa ilikuwa hiihii yetu, kutunza hesabu. Mambo hayakwenda vizuri. Hesabu za Serikali zilivurugika, na Hazina ikalazimika kurudi kwenye utaratibu wa mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo haikuanza kulegezwa hadi katikati ya miaka ya 1980.

Watu wa rika letu tulizaliwa ndani ya miaka ile. Tulipofika chuoni, walimu waliokuwa wakitufundisha programu za hesabu walikuwa wamesoma kwa leja za karatasi, na baadhi yao walizitazama mashine kwa jicho la pembeni. Tuliwacheka kidogo. Leo hatuwacheki. Mashine ya Hazina ilifika kabla ya watu wa kutosha wenye ujuzi wa kuiendesha, na hesabu za nchi nzima zikawekwa juu yake. Kosa hilo, kama mtakavyosoma mbele, sisi wenyewe tulilirudia kwa kiwango cha chumba kimoja.

Wakati mlango wetu umefungwa, dunia ilikuwa inakwenda. Mwaka 1979 ilitoka VisiCalc, programu ya kwanza ya majedwali ya hesabu kwa kompyuta ndogo, na Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983. Mwaka 1986 kampuni iliyotengeneza Tally ilianzishwa India, na kwa kuwa biashara nyingi za miji yetu zina uhusiano na India, Tally ilifika madukani na maghalani mapema. QuickBooks ilitoka Marekani mwaka 1992. Pastel ilitoka Afrika Kusini. Hizo ndizo programu ambazo mhasibu wa ofisi ndogo ya Kitanzania hukutana nazo.

Serikali nayo ilirudi kwenye kompyuta, safari hii kwa hatua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza mfumo unganishi wa usimamizi wa fedha, ambao baadaye watumishi wa halmashauri waliujua kwa jina la programu yake, Epicor. Mwaka 2017 ulianza mfumo wa FFARS kwa ajili ya hesabu za zahanati, vituo vya afya na shule. Baada yake ukaja MUSE, mfumo wa malipo serikalini. Upande wa wananchi, M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na leo mchango wa msiba unafika kutoka Muscat au Mwanza kabla maji ya chai hayajachemka.

Fikirini maana ya hayo kwa chama kama chetu. Mganga wa zahanati kijijini anaingiza matumizi yake kwenye mfumo wa Serikali. Mchangiaji wetu ana ujumbe wa simu wenye tarehe, saa na kiasi. Pande zote mbili zina kumbukumbu kamili. Katikati, sisi tunaopokea kwa huyu na kupeleka kwa yule, tulikuwa na kaunta buku.

Kaunta buku na jina la mtu

Chama chetu, kama vingi vya aina yake, kilianza na misiba. Watu wa kwetu waliokuwa Dar es Salaam walichangishana kusafirisha maiti na kufuta machozi ya wafiwa. Baadaye wakaona kwamba wanaoweza kuchangia jeneza wanaweza pia kuchangia bati. Mhazini aliandika kwenye kaunta buku, na kila baada ya miezi mitatu alisoma majumla mbele ya mkutano. Utaratibu huo ulitutosha tulipokuwa wachache.

Kisha mhazini wetu mmoja akafariki ghafla. Kaunta buku lilikuwa nyumbani kwake, kati ya karatasi za familia. Tulipolipata, harambee ya kuezeka zahanati ilisoma kiasi kimoja kwenye daftari na kiasi kingine benki. Fedha haikuonekana. Maneno yakaanza, kwanza kwenye simu, halafu barabarani. Ilituchukua miezi minne kugundua kwamba tofauti yote ilikuwa nauli ya lori la mabati. Marehemu aliilipa kwa simu siku ya mvua, akaiandika nyuma ya bahasha akikusudia kuihamisha, na bahasha akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Hakuna hata senti iliyoibwa. Lakini kwa miezi minne mjane wake alipita sokoni akitazamwa kama mke wa mwizi, na watoto wake waliyasikia yaliyosemwa. Tulimwomba radhi mbele ya mkutano. Alitusamehe, ila alituambia neno moja: "Ningekuwa na karatasi ya kuwaonyesha, nisingenyamaza."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulijifunza kwamba hata jina jema la mtu hupotea hivyohivyo. Ndipo tukaamua kuwa na ofisi na programu.

Tulivyokosea, na tulivyorekebisha

Tueleze wazi, kwa sababu fedha zilikuwa zenu.

Kwanza tuliweka programu kwenye kila kompyuta peke yake. Mhazini aliandika mapato kwenye yake, mwenzake aliandika malipo kwenye yake, na mratibu wa miradi akawa na ya tatu. Mwisho wa mwezi tulikuwa na hesabu tatu za chama kimoja, na hakuna mbili zilizolingana. Kaunta buku moja lilikuwa bora kuliko hapo.

Pili, tulipoambiwa kwamba kompyuta lazima ziunganishwe zisome faili moja, tuliziunganisha kwa mawimbi ya kifaa cha intaneti cha kubeba mkononi. Siku moja umeme ulikatika wakati watu wawili wanaandika. Faili likaharibika, likakataa kufunguka. Nakala ya mwisho tuliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa na siku 11. Siku 11 za stakabadhi tuliziandika upya usiku, na tulimshukuru Mungu kwamba vitabu vya stakabadhi vya karatasi tulikuwa hatujavitupa.

Tatu, na hili lilikuwa kosa kubwa kuliko mengine, wote watatu tulitumia neno la siri moja. Programu huandika nani ameingiza nini na saa ngapi. Kwetu iliandika kila siku jina lilelile, kana kwamba ofisi nzima ni mtu mmoja.

Tukasimama. Tulikumbuka Hazina ya mwaka 1965, na tukakubaliana kwamba mashine haiendi mbele ya watu. Kwa robo mwaka nzima tuliandika mara mbili, kwenye leja ya karatasi na kwenye kompyuta, na kila Ijumaa tulilinganisha. Zilipopishana tulitafuta sababu kabla ya kwenda nyumbani. Wiki saba za kwanza zilipishana. Kuanzia wiki ya nane zikalingana, isipokuwa wiki moja tulipoandika sifuri ya ziada.

Leo ofisi imepangwa hivi. Kompyuta moja ndiyo mwenyeji. Faili la hesabu linakaa humo tu, na kompyuta hiyo haizimwi saa za kazi. Nyingine mbili zinalifikia faili hilo kwa kebo kupitia kifaa cha kuunganishia, bila kutegemea mawimbi. Kompyuta mwenyeji tumeipa anwani ya kudumu ndani ya mtandao, ili nyingine zisiipoteze kila umeme unaporudi. Chini ya meza kuna betri inayoshika umeme kwa dakika za kutosha kufunga faili salama. Leseni tuliyonunua ni ya watumiaji wengi, kwa sababu ile ya mtumiaji mmoja, ingawa ni nafuu, ingeturudisha kwenye hesabu tatu.

Kila jioni tunachukua nakala ya akiba. Moja inabaki ofisini kwenye diski, ya pili anaondoka nayo katibu, na ya tatu inatumwa kuhifadhiwa mbali kwa intaneti. Kila mwezi tunafungua nakala moja kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa hatuihesabu kuwa nakala.

Kila mradi una akaunti yake. Aliyechangia maji hataona fedha yake imeyeyuka kwenye madawati, na mkaguzi akitaka kufuata mfuko mmoja wa saruji, anaufuata kutoka mchango hadi hati ya malipo hadi kijiji.

Kufuli tatu

Tulipoonyesha ofisi hii kwa wajumbe kutoka vijijini, mzee mmoja aliyekuja kutoka upande wa Kinole alizunguka meza, akatazama kebo, kisha akauliza: "Ufunguo wa hiki kitu anao nani?"

Vijana walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Mzee huyo ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Vikundi vya namna hiyo vinafuata utaratibu ulioanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika, nasi tukaupokea. Fedha hukaa kwenye kisanduku chenye kufuli tatu. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti, na kisanduku hakifunguliwi ila kwenye mkutano, fedha zikahesabiwa mbele ya wote. Wapo wanachama wasiosoma vizuri, lakini jumla ya wiki iliyopita wanaikumbuka kwa kichwa. Milima yetu ina uzoefu wa mambo haya. MVIWATA, mtandao wa wakulima wadogo, ulizaliwa hapahapa Morogoro mwaka 1993 katika mazingira ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na umewazoesha wakulima kuendesha vikundi na masoko yao wenyewe.

Kwa hiyo tulimjibu mzee kwa lugha yake. Kompyuta hizi tatu ni kisanduku kimoja. Funguo ni tatu, na kila mmoja ana neno lake la siri ambalo mwenzake halijui. Anayeingiza malipo hawezi kuyaidhinisha. Anayeidhinisha hawezi kuyaingiza. Wa tatu, mkaguzi wa ndani, anaona kila kitu lakini hawezi kubadilisha hata herufi. Mwezi ukifungwa haufunguliwi ila kwa barua ya kamati, na programu inaandika nani aliufungua.

Mzee alitafakari, akauliza tena: "Na mkutano uko wapi? Kisanduku chetu kinafunguliwa mbele ya watu."

Hapo alitushinda. Tulikuwa na funguo, mkutano hatukuwa nao. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa robo mwaka tunachapa karatasi moja ya kila mradi, kwa Kiswahili cha kawaida: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na namba ya kila stakabadhi. Karatasi inabandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji vya mradi, na inasomwa kwa sauti kwenye mkutano. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mama mmoja aligundua kwamba tripu za mchanga tulizoandika ni nyingi kuliko alizoziona zikishushwa karibu na nyumba yake. Tulifuatilia. Alikuwa sahihi, tripu moja ilikuwa imeandikwa mara mbili. Kompyuta tatu na wahasibu wenye shahada hawakuiona, ila mwanachama mwenye karatasi mkononi aliiona.

Hilo ndilo jibu letu kwa aliyeuliza kwa nini tulinunua kompyuta. Tulizinunua ili karatasi ile iweze kutoka kila robo mwaka, ikiwa sahihi, na ili asitokee tena mjane anayekosa cha kuonyesha.

Tunachowaomba mwaka huu

Fedha za madawati na za maji zitaendelea kwenda kwenye madawati na maji. Hatutagusa hata shilingi ya mifuko hiyo. Kwa ajili ya hesabu tuna mfuko wake, nao pia umebandikwa ukutani ofisini. Tunaomba mtuchangie kwa mambo manne.

Kwanza, betri mpya kwa kompyuta mwenyeji, maana iliyopo imechoka. Pili, ada ya leseni na ya kuhifadhi nakala ya mbali. Tatu, uchapaji wa karatasi za robo mwaka na nauli ya kuzifikisha vijijini, hata kule ambako pikipiki hupanda kwa shida wakati wa masika. Nne, na hili tunaliomba kwa mkazo, mafunzo kwa wahazini wa kamati za vijiji, siku mbili kila mwaka, wajifunze kusoma karatasi yetu na kutukosoa. Fedha zikipungua, tutaanza na hili la nne.

Kila atakayetoa atapewa stakabadhi yenye namba. Tafadhali msiitupe. Siku mtakapopita Morogoro, njooni nayo ofisini. Tutaitafuta namba hiyo kwenye kompyuta mbele yenu, na mtaona fedha yenu ilipofikia. Tusipoipata, kalisemeni jambo hilo kwenye mkutano mkuu. Tutakuwa tumeketi mbele, tukiwasubiri.

Kamati ya Fedha